Bonde Lililokuwa la Bi Maktaba

Mtaani kila mtu alimwita Baba Pazia, hata watoto ambao hawakujua kwa nini. Kazi yake ilikuwa kuchora mapazia ya studio ya picha, vile vitambaa vikubwa vinavyoning'inizwa nyuma ya mteja ili mtu aliyetoka sokoni na kikapu chake aonekane amesimama mbele ya maporomoko ya maji, au kwenye ngazi za marumaru, au kando ya ndege inayokaribia kuruka. Alianza kazi hiyo akiwa kijana asiye na ndevu. Alipofika umri wa mvi zilizopanda mpaka kwenye nyusi alikuwa bado anaifanya, kwa mpiga picha yule yule, katika chumba kile kile cha nyuma chenye harufu ya gundi na rangi.

Hakuwa mchoraji mbaya. Ila alichora alichoagizwa, na wateja waliagiza mambo.

"Fundi, mimi nataka ndege," kijana mmoja alimwambia, "lakini mlango wake uwe wazi, nionekane napanda."

"Unasafiri kwenda wapi?"

"Siendi popote. Natafuta mchumba."

Mpiga picha aliyekuwa anafuta lenzi yake alicheka mpaka akakaa chini. Baba Pazia hakucheka. Aliichora ndege, akaufungua mlango wake, akaweka na ngazi imara ili kijana wa watu asije akaanguka. Ndivyo alivyokuwa. Ukimweleza shida yako, hata kwa mzaha, alikuwa keshaanza kutafuta brashi.

Mkewe ndiye aliyekuwa msomaji. Alitunza maktaba ya shule ya sekondari tangu usichana wake hadi alipostaafu, na mumewe alimwita Bi Maktaba, mwanzo kwa utani, baadaye kwa mazoea. Yeye alimwita mumewe Fundi. Walijuana siku alipokuja kupigwa picha ya kitambulisho cha kazi. Picha ya namna hiyo haihitaji pazia, ukuta mweupe unatosha, lakini alipokuwa anapita alikuta milima ya Fundi imeanikwa ikauke. Alisimama, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Nani kachora hii?"

"Mimi," alijibu Fundi akitanua kifua.

"Umewahi kupanda mlima?"

"Bado."

"Nimeona. Haina njia hata moja. Sasa mtu akitaka kupanda, apite wapi?"

Kesho yake milima ilikuwa na njia, nyembamba, inayojizungusha mpaka kileleni, na Fundi akatafuta sababu ya kwenda shuleni kumjulisha. Ndoa yao ilianzia hapo. Miaka yote iliyofuata alimletea michoro yake aikague kabla ya wateja, na yeye aliikagua bila huruma. "Maporomoko yako yote yanatoka kwenye birika moja," alimwambia wakati fulani. Fundi akaenda kuyachora upya, akinung'unika na kufurahi kwa wakati mmoja.

Katika vitabu vyote vilivyopita mikononi mwa Bi Maktaba, kimoja tu alikichukua kuwa chake. Kilikuwa kinene, chenye jalada la kitambaa cha kijani kilichopauka, hadithi ya zamani ya nchi ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Binti wa mhunzi anasafiri kupita kwa majitu na wafalme waliokwisha kufa, akaitafute sauti ya mdogo wake iliyoibwa. Watu wazima walikuwa wamekisoma na babu zao walikuwa wamekisoma. Wanafunzi wa siku hizi walikirudisha maktabani kabla hawajafika katikati. "Mama, kina maelezo mengi mno," walilalamika. "Ukurasa mzima mtu anatazama mto tu!" Shule ilipoamua kutupa vitabu vikuukuu, Bi Maktaba alikiokota kwenye boksi akaja nacho nyumbani kifuani.

"Mto huo ndio niliokuwa nautaka," alimwambia mumewe. "Vita nimevisoma, vinatosha. Mtu yeyote anaweza kuua majitu kwenye karatasi. Lakini mtu anikalishe hapa kwenye kiti changu, aninyeshee mvua ya nchi ambayo haipo, na mimi nitafute shuka nijifunike! Huyo ndiye mwandishi."

Alikuwa na mahali alipopapenda. Palikuwa na mji ambao mapaa yake yalikuwa na rangi ya samaki aliyetoka majini sasa hivi, kabla hajajua kwamba amekufa. Palikuwa na msitu ambao miti yake ilisimama kama watu walioacha mazungumzo ghafla mgeni alipoingia. Aliyasoma mambo hayo jioni kwa sauti, Fundi akiwa anasafisha kucha zake kwa mafuta ya taa, na alipofika mwisho wa sentensi alifunga macho. Fundi akitaka kusema neno, aliinua kidole.

"Subiri. Bado nafika."

Palipozidi pote ni bondeni. Binti wa mhunzi amevuka nchi ya mawe, viatu vimekwisha, matumaini yamekwisha, anafika ukingoni na kutazama chini. Bi Maktaba alikuwa akipasoma hapo kila alipokuwa na jambo lake, siku ya furaha na siku ya msiba, na baada ya kusoma alikaa kimya muda mrefu, uso wake ukiwa wa mtu aliyepokewa vizuri mahali fulani. Fundi hakuwahi kumuuliza anaona nini. Alidhani anaona bonde.

Kisha Bi Maktaba akaugua. Ugonjwa ulianzia tumboni, ukaja ukajitandaza. Wakafanya yote yanayofanywa, wakaambiwa kwa upole kwamba yaliyobaki ni kupunguza maumivu. Binti yao, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa, alihamia tena nyumbani akashika zamu za kumwogesha na kumlisha. Kitanda kiliwekwa kwenye chumba cha mbele, mbele ya ukuta mtupu wa rangi ya maziwa. Mikono ya mgonjwa haikuweza tena kubeba kile kitabu, na akilazimisha, mistari ilimwelea machoni kama wadudu.

"Fundi," alisema mchana mmoja, "nisomee bonde langu."

Fundi aliacha shule mapema. Alijua kusoma vibao, bei na maandishi ya kwenye makopo ya rangi. Ukurasa mzima ulikuwa jambo jingine. Alivaa miwani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza, akijikwaa kama mtu anayepita kwenye chumba chenye giza huku akigonga viti.

"Chini yake bonde lilikuwa limelala... kama mnyama aliyeshiba. Ukungu ulikuwa ume... umejikunja katika mashimo yake, na pale ulipoachia, majani yalionekana, si ya kijani, bali ya rangi ile ambayo kijani huwa nayo kabla haki... hakijaamua. Mto ulipita katikati bila haraka, ukiushika mwanga huku na kuuachia kule. Na ng'ambo ya mto palikuwa na nyumba moja yenye mlango ulio wazi, wala hapakuwa na mtu awezaye kusema kama mlango ule uliachwa hivyo na mtu aliyetoka... au na mtu anayengoja."

Alipoinua kichwa alikuwa ametoka jasho. Mkewe alikuwa amefunga macho. Mikunjo ya maumivu ilikuwa imelegea pande zote mbili za mdomo.

"Nimesoma vibaya," alisema Fundi.

"Kesho usome tena," alijibu mkewe, bila kufungua macho.

Akasoma kesho, na kesho yake. Kila alipojikwaa aliona aibu. Mwanamke huyu aliyewasomea mamia ya watoto, sasa analishwa maneno yanayopendeza kama hayo kwa kijiko kilichotoboka! Fundi alijiona hana cha kumpa. Na mtu anayejiona hana cha kutoa huangalia mikono yake, na mikono ya Fundi ilijua jambo moja.

Hakumuuliza. Hilo ndilo kosa, na halikuwa dogo kwa sababu tu lilifanywa kwa mapenzi. Kumpenda mtu hakukupi ruhusa ya kuingia kila chumba chake bila hodi.

Mpiga picha alimpa kitambaa kizima, kipana kuliko vyote vilivyokuwa stoo, akakataa hata kusikia habari ya kukatwa kwenye mshahara. "Huyu mama ndiye aliyekuambia milima yako haina njia," alisema. "Mchoree vizuri, mzee, usitutie aibu."

Fundi alipima ukuta ulioelekea kitanda, akakitandika kitambaa uani pa studio, akakitia gundi na rangi nyeupe ya kuanzia. Kitabu alikificha kwenye mfuko wa nailoni ili kisipate madoa. Alisoma sentensi, akachora sentensi. Ukungu haukumsumbua. Rangi ya majani ilimpotezea siku kadhaa, akichanganya, akipaka kwenye kipande cha boksi, akitupa, mpaka asubuhi moja akaipata kwa kuweka tone la kahawia pasipostahili. Mto aliuchora mara tatu, aushike mwanga huku na kuuachia kule. Hata mpiga picha alitoka na kamera shingoni akasimama pale akiwa hana utani.

Ikabaki nyumba. Kitabu hakikusema ni ya mawe au ya udongo. Hakikusema paa ni la nini, wala kama mlango uko upande huu au ule. Fundi alijikuna kichwa. Mwanga wa bonde lake ulitoka kushoto, kwa hiyo mlango ukikaa kulia utaupokea vizuri. Akauweka kulia. Akajenga nyumba ya mawe, ikamkaa vizuri machoni, akaezeka vigae. Ndani ya mlango akapaka kiza laini, kitupu, kinachomwita mtu. Pale mwandishi aliponyamaza, Fundi akaamua.

Pazia alilining'iniza wakati mkewe amelazwa hospitali kubadilishiwa dawa. Lilifunika ukuta wote. Jirani, mwanamke mwenye duka la vitambaa mkabala na nyumba yao na mwenye maneno kuliko vitambaa, aliingia bila kubisha hodi akashika kichwa.

"Baba Pazia! Hii ni nyumba au ni mbuga? Mimi nikiugua nileteni hapa hapa, wallahi sitaki hospitali."

Bi Maktaba alirudi akiwa ameshikwa na binti upande mmoja na Fundi upande mwingine. Walimlaza, wakamwekea mto mgongoni. Akatazama. Akatazama muda mrefu sana, na Fundi, aliyekuwa amesimama pembeni kama mwanafunzi anayengoja alama, aliuona mdomo wake ukifunguka kidogo na kufunga.

"Majani," alisema mwisho. "Umeyapata majani, Fundi."

"Na mto je?"

"Na mto. Hautoki kwenye birika."

Binti alicheka huku analia. Fundi alitoka nje akazunguka nyumba, maana furaha ilimzidi akakosa mahali pa kuiweka.

Kwa siku kadhaa watu walikuja. Jirani aliwaleta wateja wake kama vile ameliuza yeye. Bi Maktaba aliwakaribisha wote, akasifu kazi ya mumewe kwa kila aliyeuliza. Lakini Fundi aliona kwamba anapoachwa peke yake anageuka na kulala akitazama dirisha, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa jirani na bomba la maji machafu.

"Mwanga wa pazia unamuumiza macho," alimwambia binti, akapunguza ukali wa mto kwa brashi ndogo.

Akaona tena kwamba haombi kusomewa bonde.

"Nikusomee?"

"Soma, Fundi. Ila leo soma pale wanapopigana na majitu."

"Majitu? Wewe?"

"Leo najisikia vita."

Akamsomea majitu. Kesho yake akamsomea kuzingirwa kwa mji. Mkewe alisikiliza macho yakiwa wazi, mikunjo ya maumivu ipo pale pale kwenye mdomo, na alipomaliza alimshukuru kama mtu anavyomshukuru karani. Siku moja binti akamvuta baba yake kando, jikoni.

"Baba, Mama ananiomba nimgeuzie kitanda."

"Akigeuzwa hataliona pazia."

Binti alitazama sufuria. "Nami nilimwambia hivyo. Akasema basi, niache."

Mtu mwingine angeelewa pale pale. Fundi alielewa kwamba ugonjwa umeongezeka. Mchana huo huo aliketi karibu na kitanda, na bila kuulizwa akaanza bonde. Sasa hakuhitaji kidole. Alikuwa amelichora neno kwa neno, alilijua lote kwa moyo, na maneno yalimtoka laini, bila kugonga kiti hata kimoja. Alikuwa amefika mtoni mkewe alipoinua mkono.

"Inatosha."

"Bado mlango."

"Mlango nauona, Fundi. Uko pale." Alinyosha kidole chake chembamba ukutani. "Inatosha, tafadhali."

Fundi akafunga kitabu. "Nimekosea wapi? Niambie, nirekebishe. Wewe hukuwahi kunificha. Rangi? Ni vigae?"

"Hujakosea popote. Ni zuri. Ni kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya, nami sikudanganyi."

"Sasa nini, Bi Maktaba?"

Nje jirani alikuwa anabishana na mtu kuhusu mita ya kitambaa.

"Nilikuwa nalo langu," alisema.

Fundi hakuelewa, akangoja.

"Langu halikuwa zuri hivi. Nyumba ilikuwa ya udongo, imeinama. Mlango ulikuwa wa mabati, upande wa kushoto, umeshikwa na waya. Ni jiko la mama yangu. Sijui lilifikaje bondeni, mimi sikuliweka. Nilisoma tu siku ya kwanza, nikafika kwenye mlango ule, nikakuta ndio huo." Alipumua, akapumzika, akaendelea. "Mama alifariki nikiwa mdogo. Hakuwahi kupigwa picha. Fikiria, mimi, mke wa mtu wa studio. Sura yake ilinitoka kabla hata sijaolewa, nikiitafuta siipati. Ila hapo kwenye kitabu, nikisoma taratibu, nikifika mlangoni, alikuwa anatoka. Mikono ina unga. Ananitazama kama mtu aliyeniambia niwahi kurudi."

"Hukuniambia kamwe."

"Ningekuambia, ungemchora."

Fundi akainama. Ilikuwa kweli.

"Nikifumba macho sasa naona mawe," alisema mkewe. "Naona vigae. Nautafuta mlango wa mabati, napelekwa kulia. Sikulaumu, Fundi. Nilitaka tu ujue kwa nini nalitazama bomba la maji machafu."

Alilitoa pazia jioni ile ile, peke yake, akipanda na kushuka ngazi, huku binti akimwuliza kuna nini naye hasemi. Akalikunja, akalipeleka kwenye chumba cha uani. Ukuta ukarudi mtupu, rangi ya maziwa, na matundu ya misumari kwenye kona. Kisha akaketi kitandani pa mkewe akavaa miwani, akaweka kidole chini ya neno la kwanza ingawa hakukihitaji, akasoma polepole kadiri alivyoweza. Alijaribu hata kujikwaa. Kujikwaa kwa makusudi hakufanani na kujikwaa, na wote wawili waliisikia tofauti.

"Ng'ambo ya mto palikuwa na nyumba moja," alisoma, na akasimama.

"Endelea."

"Yenye mlango ulio wazi."

Mkewe alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kama mtoto aliyeambiwa ahesabu wenzake wakijificha. "Kuna mtu mlangoni?"

"Kitabu hakisemi."

"Wewe hukuchora mtu?"

"Sikuchora mtu. Niliacha kiza tu. Niliona kitapendeza."

"Basi ndiyo maana," alisema Bi Maktaba kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana hayupo."

Alisoma hivyo siku baada ya siku. Kuna mara mkewe alisema waya umeonekana, ule wa kushikia bati. Halafu ukapotea, vigae vikarudi. Alimwuliza daktari aliyekuja kuongeza dawa kama kuna dawa ya kumsahaulisha mtu kitu kimoja tu. Daktari akamtazama kwa huruma, akidhani anazungumzia kifo.

Na hata baada ya hayo yote mikono yake haikujifunza. Mchana mmoja aliingia chumbani na kipande cha boksi na penseli ya seremala, uso wake ukiwaka.

"Nimefikiri," alisema. "Niambie alivyokuwa. Kidogo kidogo, chochote unachokumbuka. Kitambaa alichofunga kichwani, urefu wake, alivyosimama. Nitamchora mlangoni. Nyumba nitaibomoa nijenge ya udongo, mlango nitauhamisha, nawe utaniambia hapa sivyo, hapa ndivyo, kama zamani. Tutampata."

Bi Maktaba alimtazama, na katika miaka yote ya ndoa yao Fundi hakuwahi kuona macho yale. Alikuwa anamwogopa.

"Usimguse," alisema.

"Nataka tu..."

"Najua unachotaka. Mkono wa unga bado ninao. Nimebaki na mkono. Ukichora mkono, utakuwa mkono wako. Weka penseli chini, Fundi. Niachie huo."

Akaiweka chini. Akatoka na boksi lake, akaketi kwenye kiti cha mlangoni. Kuanzia siku hiyo alikuwa akikaa hapo mchana, nje ya chumba, mlango ukiwa umeegeshwa. Alimsikia mkewe mara nyingine akinong'ona maneno ya bonde, kwa vipande, akiyakosa na kurudia mwanzo. Alitamani kuingia amkumbushe. Hakuingia. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kumfanyia, na lilikuwa limechelewa.

Binti akimkuta pale alimwuliza, "Baba, mbona hukai naye?"

"Nakaa naye," alisema.

Bi Maktaba alifariki asubuhi moja binti akiwa anamchana nywele. Hakusema kama alimpata mama yake au hakumpata. Fundi hakuwa ameuliza, na sasa hapakuwa na wa kuulizwa.

Waliokuja kutoa pole walijaa chumba cha mbele na uani. Walimu wa zamani walikuja, na wanafunzi walioota mvi, ambao walikumbuka jinsi alivyowafukuza maktabani kwa kula karanga. Fundi alikuwa amekaa kwenye mkeka akipokea mikono bila kuona nyuso. Alipoinuliwa kwenda kunywa chai, akarudi, alikuta pazia liko ukutani.

Binti ndiye aliyelitoa uani. Alisaidiwa na mpiga picha, wakapigilia misumari kwenye matundu yale yale. Hakujua lolote. Alijua tu kwamba baba yake alichora kitu kizuri kwa ajili ya mama yake, na kwamba siku ile kila mtu alihitaji kitu kizuri cha kutazama. Watu walikuwa wamelizunguka. Wengine walikuwa wanapigana picha kwa simu, mmoja akimwambia mwenzake asogee asizibe mto.

Jirani alisimama katikati yao, macho mekundu, kitambaa cha kufutia pua mkononi. Alikuwa amelia kweli, tangu asubuhi. Alimwona Fundi akamshika bega.

"Usilie sana, Baba Pazia," alisema, naye mwenyewe akilia. "Tazama ulivyomwandalia. Mwenzako keshafika. Yumo kwenye ile nyumba, anakungoja mlangoni."

Ilikuwa imesemwa vizuri. Wengine wakaitikia kwa kichwa. Fundi alitazama pale alipoonyeshwa. Alitazama mawe aliyoyapanga, vigae, kiza laini alichokipaka kwa brashi pana ili kipendeze.

"Mle hamna mtu," alisema.

"Nasema kwa imani tu, shemeji..."

"Nimechora mimi. Hamna mtu."

Akaivuta ngazi kutoka kwenye kona. Mpiga picha alifanya kama wa kumzuia, kisha akaitazama sura yake akaachia. Binti alisogea akasema, "Baba, liache basi mpaka watu waondoke, Mama alilipenda." Fundi alikuwa ameshapanda vidato viwili. Aligeuka akamtazama mtoto wake kutoka pale juu. Angeweza kumpa lile neno moja dogo, likamtuliza maisha yake yote. Lakini alikuwa amekwisha kumwekea mtu mmoja kitu ambacho si chake.

"Hakulipenda," alisema. "Nitakueleza. Sasa shika upande huo, lisianguke juu ya watu."

Binti akashika. Kitambaa kikavutika, na bonde lote likayumba. Waombolezaji waliinuka kwenye mikeka wakarudi nyuma kuwapisha, na Fundi akaanza kung'oa msumari wa kwanza.